Siku Niliyomalizia Insha ya Imelda

Siku hiyo darasani watu walidhani nimeshukiwa na Roho.

Mimi mwenyewe nilidhani nimeshukiwa na njaa, maana uji wa chuo asubuhi ile ulikuwa mwepesi kiasi cha kujitazamia sura.

Imelda alikuwa amesimama mbele anasoma insha yake ya somo la maadili. Akafika katikati ya sentensi, akavuta pumzi.

Mimi nikaimalizia.

Neno kwa neno. Insha ambayo sikuwahi kuiona, ya msichana ambaye tangu mwaka uanze tulikuwa hatujapeana zaidi ya salamu.

Wadau, kaeni vizuri. Nikisimulia hii huwa nacheka pale mwanzoni tu.

Naitwa Venansi. Nasoma chuo cha Biblia hapa Gitega: theolojia, maadili, na namna ya kusali kwa muda mrefu bila kusinzia. Nyumbani ni Giteranyi, mkoani Muyinga. Au niseme palikuwa nyumbani. Tutafika huko.

Nilizaliwa kambini, upande wa Tanzania, ndiyo maana Kiswahili changu kimenyooka kidogo. Hapa chuoni wananiita Bongo. Nikikosea Kifaransa, Bongo. Nikikosea Kirundi, Bongo. Nikipatia, hawasemi kitu.

Sasa, Mwalimu Jeska, mama mmoja mkali anayetufundisha maadili, alitupa kazi. Akasema, "Andika jambo lililowahi kuitesa dhamiri yako. Sitaki la kwenye kitabu. Nataka lako."

Mimi niliandika nilivyoiba mapera ya jirani nikiwa mtoto. Akanirudishia karatasi, pembeni ameandika: "Dhamiri yako bado ina miaka sita."

Haya. Ikafika zamu ya Imelda.

Imelda ni mtu wa kimya. Yuko kama mgeni aliyekuja kusalimia na anaogopa kuombwa akae. Kichwa cha insha yake kilikuwa hivi: "Je, ni dhambi kumkasirikia baba aliyekufa?"



Akasoma: "Baba yangu Adriano alikufa akiwa mkimbizi. Hakutuachia kitu, alituachia maneno tu. Sisi tuliishi na shangazi kwenye kijiji nje ya kambi, naye akija kututembelea anatukalisha chini, anatuchorea shamba letu la Burundi kwenye vumbi. Anasema: Anzia kwenye mkuyu wenye kovu la radi. Shuka na minyaa mpaka kichuguu chenye vichwa viwili. Hapo usiende kulia, kulia ni kwa watu. Kata kushoto mpaka..."

Akavuta pumzi.

"Mpaka jiwe linalolia maji," nikasema. "Ukishakunywa, panda bila kugeuka, hesabu migomba mpaka uchoke. Ukichoka, umefika nyumbani."



Halafu jamaa mmoja wa hapahapa Gitega akapiga meza. "Eh! We Bongo, umekuwa prophète, nabii, tangu saa ngapi? Na mi unieleze examen itatoka nini!"

Darasa zima likaangua kicheko. Hata Mwalimu Jeska alitabasamu, jambo ambalo hutokea mara moja kwa muhula.

Imelda hakucheka.

"Hayo maneno umeyatoa wapi?"

"Si shamba letu hilo!" nikasema kwa kujiamini. "Giteranyi. Mimi ndiye niliyeutembea mpaka wa shamba mbele ya wazee wa kilima, maana kule kijiji ni kilima, tuliporudi. Nilikuwa na miaka tisa, nikatangulia mbio, nikawaonyesha mkuyu, kichuguu, jiwe, vyote. Wazee wakasema mtoto hadanganyi. Tukapewa."

"Nani alikufundisha?"

"Babu Fundi. Mzee fulani alikuwa anatengeneza baiskeli kambini, kibanda cha pili kutoka kwetu. Ilikuwa mchezo wetu. Nikiusema mpaka wote bila kukosea, ananipandisha baiskeli, ananizungusha."

"Mkono wake wa kushoto," Imelda akasema polepole, "ulikuwa na vidole vinne."

Hakuwa anauliza.

Mdomo wangu, ambao mama yangu anasema ulizaliwa siku moja kabla yangu, ulijifunga wenyewe.

"Huyo ni baba yangu," Imelda akasema.



Mwalimu Jeska akamwambia akae, akakataa. Akafungua ukurasa wa pili, akausoma mpaka mwisho kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. Aliandika kwamba aliporudi Burundi na shangazi yake, akiwa na miaka kumi na minne, walikwenda Giteranyi kulitafuta shamba. Watu wa kilima wakawaambia: mwenye shamba alisharudi zamani, alitembea mpaka wake, kila mtu aliona. Shangazi akamshika mkono wakaondoka. Njiani akamwambia, "Baba yako alikuwa anaota, mwanangu. Au alikuwa anatudanganya."

"Miaka saba," Imelda alisoma, "nimemchukia baba yangu kwa kuturithisha ndoto."

Akaikunja ile karatasi.

"Kumbe hakuwa mwongo," akasema. Akatoka nje.

Nilimfuata nyuma ya jikoni, pale wanapochemshia maharage ya chuo. Nilitegemea anizabe kofi, na nilishaandaa shavu, kama Biblia inavyoelekeza.

Hakunizaba.

Aliniangalia. Jamani, sijawahi kuangaliwa vile. Kama mtu aliyeokota kitu alichokitafuta mpaka akalia, na ndani ya kile kitu nimo mimi.

"Umenirudishia baba yangu," akasema.

Nikavimba kichwa hapohapo. Mimi! Bongo! Wa mapera!

"Lakini shamba, Imelda..." nikaanza.

"Sikiliza, Venansi. Nina kaka. Anaitwa Manase. Yuko Tanzania, upande wa Biharamulo, anachunga ng'ombe za watu. Nitampigia simu aje. Nipe mpaka Pasaka. Akija, tutakwenda kwa wazee sote watatu, na wewe ndiye utakuwa shahidi wetu."

"Kwa nini tusiende wiki hii? Likizo fupi inaanza Ijumaa."

Akacheka, kicheko kisicho na meno.

"Mimi msichana. Nikienda peke yangu wataniambia shamba langu liko kwa mume wangu, nikaolewe. Manase lazima aonekane. Usiseme kitu kabla yake. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Niapie."

"Sisi hatuapi," nikamtania. "Ndiyo yetu ni ndiyo. Mathayo tano."

"Basi sema ndiyo."

Nikasema ndiyo.

Nilikwenda nyumbani na ile ndiyo mfukoni.

Mama yangu, Paskazia, nilimkuta uani anapura maharage. Nikaweka begi chini. Nikasema, "Mama, Babu Fundi alikuwa anaitwa Adriano?"

Fimbo yake ikabaki juu.

Sikuhitaji jibu lingine. Lakini lilikuja, kwa sababu baba alikuwa mlangoni ananoa panga, na alisikia.

Baba yangu Longino ni mtu mfupi wa maneno. Anaweza kupitisha wiki nzima kwa "ndiyo", "hapana" na "chumvi". Siku ile alisema kuliko nilivyowahi kumsikia.

"Mimi nimezaliwa Bugendana, kwenye shamba la watu. Baba yangu naye alizaliwa kwenye shamba hilohilo la watu. Tulikuwa tunalima, tunalala pembeni ya zizi, tunaambiwa asante. Kambi ilipofungwa, waliokuwa na kilima walirudi kwenye kilima chao. Mimi ningerudi wapi? Ningewaambia madereva wa malori watushushe wapi?"

"Kwa hiyo ukasema wewe ndiye Adriano."

"Nikasema mimi ni yule mtoto aliyekimbia mauaji na wazazi wake mwaka wa sabini na mbili. Jina wasingenibana, nikawaambia nilibatizwa upya huko. Ilikuwa miaka arobaini, nani angekumbuka sura ya mtoto? Walitaka niutembee mpaka wa shamba tu."

"Na mpaka ulikuwa kichwani kwangu."

"Ulikuwa kichwani kwetu sote. Adriano alikuwa anausema kila jioni wakati tunasubiri mbaazi ziive. Lakini wewe uliusema vizuri zaidi."

Hapo nikakaa chini. Nilikalia maharage, mama hakunigombeza.

Elewa vizuri, msomaji. Njiani kurudi Burundi baba aliniambia, "Unakumbuka mchezo wa Babu Fundi? Lile ni shamba letu, alikuwa anakufundisha shamba letu." Nikaamini. Nilikuwa na miaka tisa, baba akikwambia mwezi ni mkate unauliza chai iko wapi. Nikakimbia mbele ya wazee nikiwa na furaha, nikatoa ushahidi wa uongo kwa moyo safi kabisa.

Na yule aliyekuwa akiishi pale, Nazario, ambaye baba yake alipewa hilo shamba na komini, serikali ya mahali, baada ya wenyewe kukimbia, akaambiwa agawane nasi nusu kwa nusu. Akagawana. Tukawa majirani. Tulikopeshana majembe miaka yote hiyo.

"Babu Fundi alikuwa na watoto, baba," nikasema.

"Najua. Siku ya mazishi nilimbeba yule wa kiume mgongoni. Alikuwa hana viatu na kulikuwa na matope."

"Na bado..."

"Nilisema watakuja siku moja, nitawapa. Ukapita mwaka. Ukapita mwingine. Mwanangu, dhambi ikishafikisha miaka mitatu ndani ya nyumba, unaanza kuiita nyumba."

Mama akaongea kwa mara ya kwanza. "Venansi, sisi tumeshazeeka. Subiri tufe. Baada ya hapo mpe yule binti kila kitu, hata masufuria."

Subiri.

Imelda alisema subiri. Mama alisema subiri. Baba hakusema, lakini aliniangalia kwa macho ya subiri.

Na mimi je? Mimi kwenye daftari nilikuwa na maneno ya Mwalimu Jeska, nimeyapigia mstari kwa kalamu nyekundu: "Ukweli unaosubiri wakati mzuri umeshaanza kuwa uongo."

Siku nne sikula vizuri. Chakula cha shamba la watu kilikuwa kinanikwama. Mama anapakua, mimi namwona Imelda na shangazi yake wanaondoka kilimani wameshikana mikono. Ukweli uliniwasha mwili mzima kama upupu.

Na nitawaambia na hili, maana hapa hatuko ibadani: nilitaka Imelda aniangalie tena vile.

Nilijiona kabisa nikirudi Gitega. Namwambia, "Imelda, usihangaike, nimeshamaliza." Yeye analia. Mimi nasema, "Mshukuru Mungu, si mimi." Nilishafanya mpaka mazoezi ya kusema "si mimi."

Alhamisi wazee wa kilima walikaa, kama kawaida yao, kwenye uwanja wa nyasi kando ya barabara ya Giteranyi. Kulikuwa na kesi ya mbuzi. Ikaisha. Mkubwa wao, mzee mwembamba mwenye koti kubwa kuliko yeye, akauliza kama kuna mwenye neno.

Nikasimama.

"Mimi nina neno."

Nilivaa shati langu jeupe la kuhubiria. Ndiyo, nilikuwa nimelipiga pasi.

Yule mzee akagonga fimbo yake chini mara mbili. "Mtoto wa Longino. Unajua utaratibu wetu. Utasema ulichokiona kwa macho yako. Ulichosikia, mwachie aliyekwambia."

"Najua, mzee."

Nikasema yote. Kambi, baiskeli, mchezo, jina la Adriano, baba kujiita mtoto wa sabini na mbili. Sikuficha hata punje. Kirundi changu siku ile kilinyooka kama rula. Watu walikuwa wanashika midomo. Nilisikia mama mmoja nyuma anasema, "Huyu mtoto ana Mungu."

Nilisikia vizuri sana hilo neno. Bado nalisikia.

Mzee akauliza, "Kwa hiyo Longino hana haki kwenye kilima hiki?"

"Hana, mzee."

"Na huyo Adriano amekufa?"

"Amekufa. Kaburi lake nililiona."

"Ameacha mtoto?"

"Binti. Anaitwa Imelda, nasoma naye Gitega."

Wakatazamana, wakacheka kwa upole, kama unavyomcheka mtoto aliyevaa viatu vya baba yake.

"Binti ni wa kule atakakoolewa. Ameacha mtoto wa kiume?"

Hapa, wadau. Hapa ndipo ilipokuwa.

"Yuko Tanzania," nikasema. "Anaitwa Manase."

Fimbo ikagonga. "Unasema ulichoona, au ulichosikia?"

"Nimesikia."

"Umewahi kumwona kwa macho yako?"

Nikafikiri. Nilifikiri kwa uaminifu kabisa. Siku ya mazishi nilikuwa mdogo, sikumbuki mtoto yeyote, nakumbuka matope tu. Ningeweza kusema nimemwona. Lilikuwa neno moja. Lakini mimi nilikuwa nimeamka siku ile kuwa mtu asiyesema uongo hata mdogo, na nilijipenda sana katika hali hiyo.

"Hapana," nikasema. "Sijamwona."

"Andika," mzee akamwambia karani. "Mrithi wa kiume hajaonekana."

Nazario akasimama. Alikuwa amekaa kimya muda wote, kofia imekalia goti.

"Mi niko na papier ya komini tangu wakati wa mzee wangu," akasema. "Ile nusu nilitoa juu ya vile mlisema huyu ni mwenye shamba. Sasa kama hana yake hapa, si irudi kwangu? Ama nasema vibaya?"

Hakusema vibaya. Wakaenda pembeni kushauriana, muda wa kumenya ndizi tano. Wakarudi.

Nusu yetu irudi kwa Nazario. Longino na mke wake wavune maharage yaliyomo, kisha waondoke. Karatasi ipelekwe mahakamani igongwe muhuri. Fimbo ikagonga mara tatu. Kwisha.

Nilibaki nimesimama na shati langu jeupe.

"Lakini mimi nilikuja kwa ajili ya Imelda," nikasema.

Kesi ilikuwa imefungwa. Watu walikuwa wanakung'uta nyasi kwenye nguo.

Nazario akaja kunikumbatia. Alikuwa analia kweli, si utani. "Venansi, weye uko mtoto wa kweli kabisa. Mi nimengoja miaka kumi na tatu. Mungu akubariki, akubariki tena."

Kesho yake alfajiri, naondoka kurudi chuoni, akanisubiri njiani na mkungu wa ndizi mbivu. "Ukule na ba camarades ba chuo."

Nikaupokea.

Huo mkungu niliupokea, jamani. Sijui nilikuwa nafikiri nini.

Baba hakutoka kuniaga. Mama alitoka. Hakunilaumu. Alinifunga kifungo cha shati kilichokuwa wazi, akasema, "Haya, mwanangu. Sasa umetulia?"

Gitega nikamkosa Imelda. Nikaambiwa ameomba ruhusa, amekwenda Kobero, mpakani, kumpokea ndugu yake. Manase hakusubiri Pasaka. Alivyosikia tu simu ya dada yake, aliacha ng'ombe za watu, akaanza kutembea.

Nikajiambia, si neno. Akifika tutakwenda kurekebisha. Mrithi ataonekana tu.

Wakati huohuo habari zilishanitangulia, hizi simu zina mbio kuliko malaika. Mwalimu Jeska aliniita, akanishika mikono yote miwili, akaniambia, "Venansi, dhamiri yako imekua." Mkuu wa chuo akataka nitoe ushuhuda kwenye ibada ya jioni hiyohiyo ya Ijumaa.

Nikatoa.

Ningeweza kukataa. Lakini ukumbi ulikuwa umejaa, na mimi ni mtu wa ukumbi. Nikasimulia jinsi nilivyosimama mbele ya wazee nikausema ukweli juu ya baba yangu mwenyewe. Nikawachekesha kwenye kambi, nikawaliza kwenye maharage. Ile sehemu ya nani amepewa shamba niliipitia haraka kidogo. Watu wakapiga vigelegele. Yule jamaa wa prophète akapiga kelele, "Bongo! Umetuzidi wote!" Ndizi za Nazario zilikuwa zimeliwa mchana, maganda yako kwenye ndoo mlangoni.

Imelda alikuwa amesimama pale pale, karibu na ndoo.

Sijui alikuwa amefika saa ngapi. Viatu vyake vilikuwa vyekundu kwa vumbi. Nyuma yake alisimama kijana mrefu, mwembamba, na fimbo ya kuchungia bado iko mkononi kama vile alikosa mtu wa kumwachia.

Walikuwa wamepitia Giteranyi. Bila shaka walipitia Giteranyi, ndiko njia iliko. Walikwenda moja kwa moja kwenye mkuyu, na Nazario akawaonyesha karatasi. Aliwaonyesha kwa heshima, akawapa na maji ya kunywa.

Makofi yakapungua kidogokidogo.

Imelda hakupandisha sauti. "Huyu ndiye Manase," akasema. "Mwangalie vizuri, Venansi. Sasa umemwona?"

Nikashuka jukwaani. Sikumbuki nilishukaje.

Nilijaribu, na naomba mniamini kwenye hilo tu.

Jumatatu tulikwenda mahakamani sisi watatu. Karani akasema hukumu inaweza kupingwa, hakuna shida, Manase atoe kitambulisho. Manase hana. Tanzania ni mkimbizi asiyeandikwa, Burundi ni mtu asiyezaliwa. Akaulizwa ni wa kilima gani. Akasema. Karani akasema, basi wazee wa kilima hicho wakuandikie kwamba wanakutambua, tutakupa.

Tukarudi kwa wazee wa kilima.

Mkubwa wao akatoa daftari, akasoma: mrithi wa kiume hajaonekana. Akamtazama Manase, kijana wa mita karibu mbili, amesimama mbele yake. Akatazama daftari.

"Shahidi ni nani kwamba huyu ni mtoto wa Adriano?"

"Mimi, mzee!" nikasema. "Sasa nimemwona!"

Yule mzee akavua kofia, akajikuna upara. Hakuwa na hasira. Nadhani alinionea huruma.

"Kijana. Ulikuja hapa una miaka tisa, ukatuambia hili ni shamba la baba yako. Tukakuamini. Ukaja juzi ukatuambia si la baba yako. Tukakuamini. Leo umekuja mara ya tatu. Wewe mwenyewe tuambie, tumwamini Venansi wa lini?"



Shangazi yao angeweza kushuhudia, lakini naye kilimani hakuna anayemfahamu, alikimbia akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Baba yangu alijitolea kwenda. Alivaa koti, akafika mpaka uwanjani. Wakamwambia mwongo wa shamba hasimami mara mbili kwenye nyasi zilezile. Akageuka, akarudi.

Manase alikaa wiki mbili, kisha akarudi kwa ng'ombe za watu. Imelda akaondoka naye. Hakumaliza hata muhula. Siku ya kuondoka nilimbebea begi mpaka kituo cha magari, hakunikataza. Nikamwambia, "Imelda, nisamehe."

"Nimekusamehe," akasema. "Ila usinisimulie kanisani."

Kwa hiyo nasimulia huku.

Baba na mama sasa wako Gashoho, wamepewa chumba kimoja nyuma ya duka la mzee mmoja Mwislamu, Waziri, mtu mwema. Baba anamlimia. Jioni anaambiwa asante.

Nazario amepanda mahindi.

Somo la maadili nilipata kumi na saba kwa ishirini, alama ya juu kuliko wote. Mwalimu Jeska alisoma jina langu la kwanza, watu wakapiga makofi, na kiti cha Imelda kilikuwa kimeshapewa mtu mwingine.

Mnisikilize, hasa nyinyi mnaopenda kusema "mimi siwezi kunyamaza." Sisemi mdanganye. Uongo wa baba yangu ndio ulioanza yote haya. Nasema ukweli una wenyewe. Ukiwa mikononi mwako na si wako, mwulize mwenyewe ni lini, na ni mbele ya nani, hata kama utakuunguza mpaka usikie harufu. Ukiutoa kwa sababu unakuwasha wewe, usije ukaita hiyo toba.

Umejikuna tu.